Mahali pa waipsi ni kapuni, si chooni

Mhariri,

Wanaotetea karatasi ya choo na wanaotetea waipsi, yaani zile tishu zenye majimaji zinazouzwa kwenye pakiti yenye kifuniko cha kubandika, hubishana kana kwamba kesi yote iko kwenye ngozi. Ipi inatakatisha zaidi, ipi inachubua, ipi inanukia. Sisi tunaofungua chemba na kuzibua mabomba tunaiangalia kesi hiyo kuanzia pale wengine wanapoiacha, baada ya maji kuvutwa. Kusafisha ni jambo moja, kutupa ni jingine. Katika la kwanza waipsi ina hoja. Katika la pili haina hata moja.

Karatasi ya choo ni nyuzi fupi za mti zilizovurugwa kwenye maji, zikachujwa, zikakaushwa. Hakuna gundi ya kuzishika. Hushikana zenyewe zinapokauka, na maji yakizirudia huachiana. Ndiyo maana huchanika mkononi ikilowa, na watu huilaumu kwa jambo ambalo ndilo sifa yake kubwa. Tishu za kufutia uso, serviti za mezani na karatasi za jikoni ni ndugu zake kwa sura tu, kwa sababu zimetiwa resini, yaani gundi isiyoachia majini, ili zisichanike zikilowa. Karatasi ya choo ikiisha, hizo haziwezi kushika nafasi yake. Wala gazeti, Mhariri, utuwie radhi: hulainika, lakini haliachani upesi, na likijikunja kwenye kona ya bomba huwa kizibo.

Waipsi si karatasi hata kidogo. Ni kitambaa kisichofumwa, cha nyuzi ndefu, mara nyingi poliesta au polipropilini (zote mbili ni plastiki) iliyochanganywa na viskosi, yaani uzi unaotengenezwa kwa mti, au nyuzi za mti, ambazo hupigwa kwa vijito vyembamba vya maji yenye shinikizo kubwa mpaka zinasokotana. Kisha hutiwa majimaji: maji matupu ndiyo sehemu kubwa, na humo kuna sabuni laini kidogo, kilainisho cha ngozi, manukato na dawa ya kuzuia ukungu na bakteria. Kitambaa hicho hukaa kimelowa ndani ya pakiti miezi na miezi, na siku ya kukivuta kinatoka kizima. Kama kimestahimili maji muda wote huo, dakika chache za ndani ya bomba hakizijali.

Ni kweli zipo waipsi zinazoandikwa kwamba zinaflashika, na baadhi yake ni selulosi tupu, yaani nyuzi za mimea, isiyo na plastiki. Hizo zikitikiswa kwa nguvu na kwa muda hukatika vipande. Lakini bomba la nyumbani halitikisi kitu. Maji hupita kwa kasi sekunde chache, kisha kimya mpaka mtu mwingine aingie. Na neno lenyewe lina hila: kuflashika ni kupita kwenye sinki la choo, basi. Soksi ya mtoto nayo hupita.

Asiyeamini apime mwenyewe. Chukua chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana, tia maji nusu kila moja. Ya kwanza weka vipande vinne vya karatasi ya choo, ya pili waipsi moja. Funga, tikisa kila chupa mara ishirini, angalia. Ziache nusu saa, tikisa tena mara ishirini, kisha mimina kila moja kwenye chujio la jikoni ambalo hutalirudisha jikoni. Karatasi itakuwa imegeuka uji tangu mtikiso wa kwanza. Waipsi ya kawaida utaikamua na kuianika. Ile inayojiita ya kuflashi huenda ikakatika, huenda isikatike. Ukitoa kipande kikubwa kuliko kiganja, iondoe kwenye hesabu ya vitu vya kutupa chooni, pakiti iseme inavyosema.

Sasa tufuate njia yake. Chini ya sinki kuna kona inayobakiza maji ili harufu isirudi, na hapo ndipo penye nafasi finyu kuliko kwingine kote. Baada ya hapo bomba ni la milimita 100, likiwa limelazwa kwa mteremko wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita. Vyoo vya sasa hutumia takriban lita 6 kwa mvuto mmoja, vya zamani vilitumia 9 hadi 13. Kwa hiyo waipsi haisafiri moja kwa moja hadi barabarani. Hubebwa mita chache, maji hulikimbia bomba, yenyewe hubaki imejilaza, ikingoja mvuto unaofuata uisukume tena. Katika safari hiyo ya vituo vingi kila kasoro ya bomba huwa ndoano: ukingo wa bomba la plastiki uliokatwa kwa msumeno bila kupigwa tupa, kiungo kilichokaa upande, gundi iliyotokeza ndani, mzizi wa mti ulioingia kwenye ufa. Ya kwanza hunasa, ya pili humshika mwenziwe, na zikifika tano au sita unakuwa na wavu unaokamata kila kinachokuja nyuma yake, karatasi ya choo ikiwemo. Hapo ndipo karatasi inaposingiziwa, maana ndiyo inayoonekana kwanza chemba ikifunguliwa.

Maji ya jikoni yakiingia kwenye mstari huohuo, mambo huwa mabaya zaidi. Mafuta ya kupikia yakipoa hugandia kwenye nyuzi, na asidi zake huungana na kalisi iliyomo kwenye maji taka na kwenye saruji ya mabomba, zikawa kitu kigumu mithili ya sabuni iliyokauka. Huko London, eneo la Whitechapel, mwaka 2017 bonge la namna hiyo lilikutwa limeziba mfereji wa maji taka kwa urefu wa mita 250, uzito ukakadiriwa kuwa tani 130. Ilichukua wiki kadhaa za majembe na maji ya shinikizo kuliondoa, na kipande chake kiliwekwa kwenye maonyesho ya makumbusho ya jiji hilo mwaka 2018. Mafuta peke yake yasingejenga kitu kama hicho. Waipsi ndizo nondo ndani ya zege.

Mahali penye pampu ya maji taka waipsi hujisokota kuwa kamba na kujizungusha kwenye mapanga. Mota huvuta umeme mwingi kuliko kawaida yake, hupata moto, swichi ya kinga hukata. Na kinga ikiwa mbovu, huungua. Penye septiki tanki, utando wa mafuta huelea juu, tope hutulia chini, na maji ya katikati hutoka kupitia bomba lenye umbo la T. Bakteria wa humo huila karatasi polepole. Poliesta hawaijui. Waipsi hujikusanya kwenye utando wa juu na kwenye tope, huziba mdomo wa T, na tanki ambalo lingenyonywa baada ya miaka 3 hadi 5 hujaa kabla ya wakati. Gari la kunyonya likija, bomba lake nalo husakamwa. Choo cha shimo hakina kona wala mapanga ya pampu, lakini kinajaa, na waipsi ya leo itakuwa palepale shimo likifika juu.

Dalili huanza mapema kwa anayejua kuzisikia. Ukivuta maji chooni na tundu la sakafu ya bafu likaguguma, hewa inasukumwa, maana yake maji yamezuiwa mbele. Choo peke yake kikipandisha maji na kushuka taratibu, kizuizi kiko kwenye kona ya sinki. Matundu yote ya nyumba yakisuasua, kiko baada ya pale mabomba yanapokutana, na uchafu utatokea kwanza kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Usivute maji mara ya pili kujaribu bahati. Tumia kizibuo cha mpira chenye mdomo wa ndani unaoingia kwenye sinki, kikiwa kimezama majini, na usukume na kuvuta kwa mpigo sawasawa. Huko kuvuta ndiko kunakozibua. Kikishindwa, tumia waya wa kuzibulia wenye ncha ya ndoano, si ya duara, kwa sababu kitambaa hutolewa kwa kunaswa na kuvutwa nje. Ukikisukuma mbele unakihamishia mahali pagumu zaidi kufikika. Dawa za kuzibulia zenye magadi makali huyeyusha mafuta na nywele, kwa poliesta hazifanyi kitu cha maana, na atakayefungua bomba baadaye atakutana na maji yanayounguza. Kama umeshaimwaga, mwambie fundi kabla hajaingiza mkono.

Upande wa ngozi tutasema tunayoyajua bila kujifanya matabibu. Karatasi kavu ina udhaifu wa kweli: hupaka zaidi ya inavyoondoa, na anayesugua mpaka kipande kitoke cheupe kabisa hujichubua. Namna ya kuitumia hubadilisha mengi. Kunja vipande vitatu au vinne viwe pedi bapa badala ya kuvifinyanga donge, bonyeza na kuinua kwanza, kisha futa kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa wanawake na wasichana mwelekeo huo si wa hiari, maana bakteria wa utumbo wakifika mbele huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Mwisho, pedi iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi hufanya kazi ileile inayosifiwa kwenye waipsi; ikunje nene, na usiichovye, itaacha makombo.

Waipsi huondoa uchafu kwa msuguano mdogo, na kwa mtoto wa nepi au mgonjwa wa kitandani hatuoni sababu ya kumnyima mtu. Kasoro yake ni kinachobaki baada ya kufuta. Unyevu ukifungiwa kwenye mkunjo wa ngozi hulainisha ngozi hadi ikachubuka, na dawa ya kuzuia ukungu haisuuzwi, inabaki hapo siku nzima. Soma orodha ya viambato: ukiona jina refu linaloanza na methyl na kuishia na isothiazolinone, irudishe rafuni. Chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitaja methylisothiazolinone kuwa kizio, yaani kisababishi cha mzio, cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi visivyosuuzwa, zikiwemo waipsi. Manukato ni mtuhumiwa wa pili. Mzunguko unaojulikana ni huu: muwasho unaanza, mtu anadhani hajatakata, anaongeza waipsi, muwasho unazidi. Aache waipsi na sabuni yenye harufu kwa wiki kadhaa, atumie maji na kujikausha kwa kugusagusa. Muwasho ukigoma, au damu ikionekana, ni kazi ya daktari. Na zile waipsi za kuua vijidudu mezani zisiguse kabisa sehemu hizo. Dawa yake imekusudiwa mbao na plastiki.

Maji yanazishinda zote mbili, yakifuatwa na karatasi ya kukaushia. Kwa wanaotumia mpira wa kunyunyizia ulioungwa kwenye bomba la maji safi, weka valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Kichwa cha mpira kikiachwa kimetumbukia sinkini na shinikizo la bomba likashuka, maji ya choo yanaweza kunyonywa kuingia kwenye maji ya kunywa. Mafundi wengi huiruka valvu hiyo kwa sababu mteja haioni. Njia yoyote utakayotumia, mikono hunawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 20. Kuipangusa kwa waipsi hakuhesabiki kuwa kunawa.

Anayeendelea na waipsi aanze na karatasi, waipsi iwe ya mwisho, moja au mbili, kisha akauke kwa karatasi. Iliyotumika ikunjwe, uchafu ndani, itiwe kwenye kapu lenye kifuniko cha kukanyaga na mfuko ndani, limwagwe kila siku. Kapu liwe pale mkono unapofika mtu akiwa amekaa. Likiwekwa nyuma ya mlango, waipsi zitaendelea kutupwa chooni hata ukibandika tangazo kubwa kiasi gani.

Tuna ombi moja kwa gazeti lako, Mhariri. Tangu Julai 2021 waipsi zenye plastiki zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya hulazimika kubeba alama ya wazi mbele ya pakiti inayosema zina plastiki na kuonya zisitupwe chooni. Likija kwenu tangazo la waipsi zinazodaiwa kuyeyuka majini, idara yenu ya matangazo iombe pakiti moja ya sampuli na ifanye lile jaribio la chupa mbili kabla ya kuchapisha. Linachukua nusu saa na chujio moja.

Mafundi wa mabomba na maji taka