Tulilipia wanne wa Black Sabbath, tukakuta watatu

Nairobi
22 Agosti 2012

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: SAFARI YA DONINGTON, JUNI 2012, NA KUREJESHEWA SH38,000

Hii ni mara ya tatu ninawaandikia. Barua pepe zangu mbili, ya Juni na ya Julai, mlizijibu kwa mistari minne iliyoniuma kuliko kosa lenyewe. Safari hii naeleza yote kwa karatasi, na nakala za risiti na ankara zimo ndani ya bahasha.

Tarehe 19 Desemba mwaka jana nilikuja ofisini kwenu kulipia safari ya kwenda tamasha la muziki wa roki la Download huko Donington Park, Uingereza. Nauli ya ndege, viza, malazi na tiketi ya tamasha vyote vilikuwa na bei yake, na juu ya hivyo sina neno. Mliyoahidi kuhusu ndege na hoteli mliyatimiza. Lakini ankara yenu ina mstari unaojitegemea, ulioandikwa hivi: "Nyongeza ya kurudiana kwa waasisi wanne, Sh38,000." Nilipouliza hiyo ni ya nini, dada aliyenihudumia alinionyesha brosha yenye picha nne za waasisi wa bendi ya Black Sabbath: mwimbaji Ozzy Osbourne, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa gitaa la besi na Bill Ward wa dramu. Akaniambia wanne hao hawajapanda jukwaa moja tangu 2005, na huenda wasipande tena. Nikalipa. Sh20,000 kati ya hizo nilikopa kwa kaka yangu.

Siku hiyo hamkunidanganya, na nataka hilo lieleweke. Tarehe 11 Novemba 2011 wanne hao walikaa pamoja kwenye ukumbi wa Whisky a Go Go, Los Angeles, wakatangaza albamu mpya na ziara. Januari tukasikia kwamba Iommi ana saratani ya limfoma, na hakuna mpenzi wa bendi hii ambaye hakumwombea. Mwanzoni mwa Februari Ward akatoa taarifa kwa umma kwamba hajapewa mkataba anaoweza kuutia sahihi. Wiki hiyo hiyo niliwapigia simu, mkaniambia nisibabaishwe na maneno ya mitandaoni. Katikati ya Mei Ward mwenyewe akasema hatakuwepo kwenye maonyesho yaliyobaki. Zilikuwa zimesalia zaidi ya wiki tatu kabla ya ndege kuondoka. Sikupata simu, ujumbe wala barua. Nilipokuja kuchukua pasipoti yangu, picha ya Ward ilikuwa bado imebandikwa kwenye dirisha lenu.

Nani ana haki kati ya Ward na wenzake, si kazi yangu kuamua, wala si yenu. Sikulipia kesi yao.

Jumapili tarehe 10 Juni nilisimama kwenye matope ya Donington. Nyuma ya dramu alikuwapo Tommy Clufetos, kijana kutoka bendi ya Ozzy. Alipiga kwa nguvu na kwa nidhamu, na kumwona Iommi akiwa amesimama na gitaa lake katikati ya matibabu kulinitoa machozi. Simlaumu yeyote aliyekuwa jukwaani siku ile. Nawalaumu ninyi, kwa jibu mliloniandikia Julai: kwamba bendi ilipiga, jina ni lile lile, watatu kati ya wanne ni wengi, na mpiga dramu anaweza kubadilishwa bila msikilizaji kujua.

Msikilizaji anajua. Mimi nimepiga dramu kwa miaka 22, na nilijifunza kwa kaseti ya albamu yao ya Paranoid aliyoninunulia kaka yangu nikiwa bado shule. Nilikuwa nairudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Kilichonishinda kwenye kaseti ile si kasi. Kilichonishinda ni kwamba Ward hashindilii mapigo kama msumari. Alikulia Aston, Birmingham, akiwasikiliza wapiga dramu wa jazi kama Gene Krupa, na hilo halikumtoka hata alipoingia kwenye muziki mzito kuliko wote wa wakati ule. Iommi akipiga, yeye hujibu. Mara hutangulia kidogo, mara hujivuta nyuma, halafu wote wawili hutua pamoja. Sikilizeni beti za wimbo wao War Pigs: gitaa linapiga mara mbili na kunyamaza, na mwimbaji anabaki peke yake na matoazi ya Ward. Pale hakuna pa kujificha. Kwenye albamu ya Technical Ecstasy ya 1976 kuna wimbo mzima aliouimba yeye, It's Alright, Ozzy akiwa bado ndiye mwimbaji wa bendi. Huyo ndiye mliyesema hakuna atakayegundua kwamba hayupo.

Lakini hata kama hamjali dramu, kuna hoja nyingine, na hii ndiyo ninayotaka ifike kwa aliyeandika lile jibu. Bendi hii si familia moja. Tangu 1968 imepitiwa na watu wengi, na Iommi peke yake ndiye aliyepiga kwenye albamu zake zote. Kwa hiyo swali la nani anahitajika ili mseme wamerudiana lina jibu tofauti kulingana na mnachouza. Mngetangaza kurudiana kwa waliorekodi albamu ya Mob Rules mwaka 1981, nisingemtaka Ozzy wala Ward. Ningemtaka mwimbaji Ronnie James Dio, Iommi, Butler na mpiga dramu Vinny Appice, na kwa kuwa Dio alifariki Mei 2010, biashara hiyo isingewezekana tena. Mngetangaza kundi la albamu ya Headless Cross la 1989, ningemtaka Tony Martin kwenye sauti, mwimbaji ambaye watu humsahau bila sababu, na ningewakumbusha kwamba Cozy Powell aliyepiga dramu hayupo duniani tangu 1998. Ninyi hamkutangaza lolote kati ya hayo. Mliandika "waasisi wanne". Neno hilo halina nafasi ya mbadala. Waasisi wanajulikana kwa majina.

Wanamuziki wenyewe wamekuwa waangalifu kuliko ninyi. Mwaka 2006 Iommi na Butler walipomrudia Dio pamoja na Appice, walikuwa na kila sababu ya kibiashara ya kutumia jina la Black Sabbath. Hawakulitumia. Walijiita Heaven & Hell, kwa jina la albamu yao ya 1980, ili anayekata tiketi ajue atasikia nyimbo zipi na kutoka kwa nani. Tena rudini 1997. Katikati ya mwaka ule Ozzy, Iommi na Butler walizunguka Marekani kwenye Ozzfest, tamasha la Ozzy la kuzunguka, na Mike Bordin wa bendi ya Faith No More akapiga dramu. Watatu wale wale, na mpiga dramu hodari wa kuazima. Albamu iliyopewa jina Reunion haikutoka kwenye ziara hiyo. Ilirekodiwa Desemba, Birmingham, Ward alipokuwa ameketi mahali pake, ikatoka 1998. Hamhitaji kuchukua neno langu. Tazameni jalada la albamu hiyo na muone majina.

Mtaniuliza kuhusu ugonjwa. Mwaka 1998 Ward alipatwa na mshtuko wa moyo wakati wa mazoezi, na Appice akashika nafasi yake kwenye maonyesho ya Ulaya. Lingetokea jambo kama hilo mwaka huu, nisingewaandikia. Mgonjwa hadaiwi. Ila hata hapo mngepaswa kuniambia na kunipa nafasi ya kuchagua. Kwa hakika ningekwenda tu, kwa sababu Iommi, Butler na Ozzy kwenye jukwaa moja ni jambo ambalo ningelilipia kwa moyo mmoja, kwa bei ya watatu. Mwaka huu maonyesho mengi ya bendi yaliondolewa kwa ajili ya afya ya Iommi, na jukwaa likapewa Ozzy na marafiki zake chini ya jina jingine. Wenye tiketi walielezwa mapema watakayemwona. Hilo ndilo nililotaka kutoka kwenu: simu moja mwezi Mei.

Sasa madai yangu. Nataka nirejeshewe Sh38,000 za nyongeza, zote, na kwa fedha. Vocha ya punguzo la safari ya Maasai Mara mliyonitumia Julai nairudisha ndani ya bahasha hii, kwani sikuiomba na haihusiani na nilichokosa. Pia nataka muiondoe picha ya wanne hao kwenye brosha yenu mpya. Wiki iliyopita niliiona mezani kwa mapokezi, ukurasa wa tatu, chini ya maneno "tuliwapeleka wateja wetu kuwaona waasisi wanne". Si kweli. Tulikuwa abiria watano kutoka Nairobi na hakuna hata mmoja wetu aliyewaona wanne. Siwasemei wenzangu wanne kwa sababu hawajanituma, lakini ankara zao zina mstari ule ule, na ni haki mkawarejeshea kabla hawajaja kudai.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma aliyolipia, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma hiyo. Habari mlikuwa nazo tangu Februari, kwa sababu niliwapa mimi mwenyewe kwa simu. Nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa tarehe 14 Septemba, nitampelekea wakili wangu jalada hili lote.

Fedha ziingizwe kwenye akaunti ile ile niliyolipia Desemba. Zikiingia, Sh20,000 zinakwenda moja kwa moja kwa kaka yangu, ambaye mpaka leo ananiuliza Bill Ward alipigaje.

Wenu mwaminifu,

Mteja wa safari ya Donington,
risiti ya 19 Desemba 2011

Viambatisho: nakala ya ankara, nakala ya risiti, brosha ya Desemba 2011, vocha.