Gift: zawadi, sumu na ndoa ni neno moja

Mhariri,

Kila mara husambaa maelezo kwamba gift ya Kiingereza, yaani zawadi, na Gift ya Kijerumani, yaani sumu, zimefanana kwa bahati tu. Si kweli. Ni neno moja, na asili yake ni kitenzi cha kutoa: geben kwa Kijerumani, geven kwa Kiholanzi, give kwa Kiingereza. Kiambishi -t kilipobandikwa kwenye mzizi, sauti ya mbele yake ikawa f. Ndivyo pia schreiben, kuandika, ilivyozaa Schrift, maandishi.

Kilichotolewa kiligeukaje sumu? Waulizwe waganga. Wagiriki walikuwa na neno dosis, "utoaji", wakalitumia kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikalichukua, na Wajerumani wakaibebesha gift yao maana hiyo. Kisha ikawa tafsida: badala ya kuitaja sumu waziwazi, watu walisema fulani "kapewa kipimo". Polepole tafsida ikaimeza maana ya zawadi. Dozi tunayoandikiwa hospitalini ni tawi la dosis hiyo hiyo. Kifaransa kilipita njia inayofanana na hiyo: poison ilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinywaji tu.

Maana ya kale imesalia katika neno la Kijerumani Mitgift, mali anayotoka nayo bibi harusi kwao. Tazama jinsia ya kisarufi: die Mitgift ni ya kike, kama gift ilivyokuwa zamani, ilhali das Gift, sumu, si ya kike wala ya kiume. Watafsiri wanaoiandika "mahari" wanapotosha, kwa kuwa mahari hutoka upande wa mwanamume.

Wanaochanganya watu zaidi ni Waswidi. Kwao ett gift ni sumu, lakini hon är gift ni "ameolewa", na kwa mwanamume han är gift ni "ameoa", kwa sababu zamani binti "alitolewa" kwa mume. Mzaha wa ndoa na sumu wameshausikia vya kutosha, tuwahurumie. Anayesoma Kiswidi atazame mwisho wa neno: giftet ni "ile sumu", gifta ni watu waliooana. Kidenmaki na Kinorwe navyo vina maana zote mbili.

Hata Kiingereza hakikuanza na zawadi. Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilikuwa malipo ya kuozwa mke, na kwa wingi lilimaanisha harusi. Lilitamkwa kwa y mwanzoni, kama Waswidi wanavyolitamka leo, ingawa zamani wao pia walitamka g ngumu. G ngumu na maana ya zawadi vililetwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwa hiyo wanaosema Wajerumani "waliliharibu" neno la Kiingereza wamegeuza historia juu chini.

Kiholanzi kimejaribu kutenganisha mambo kwa herufi moja: de gift ni mchango, het gif ni sumu. Ila kivumishi giftig, chenye t, ni "-enye sumu", na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Mfasiri, msomaji wenu