Kwa wanangu mliomaliza Kidato cha Nne 2025

Wanangu,

Hongereni kwa kumaliza pepa. Najua sasa hivi mnatumiana picha za mahafali na kukumbushana vituko vya Kidato cha Kwanza. Endeleeni, ni haki yenu. Ila nisikilizeni kidogo kabla matokeo hayajatoka Januari, maana yakishatoka kila mtu atakuwa na lake.

Mliingia sekondari Januari 2022. Miaka ya nyuma, watoto waliofaulu darasa la saba walikuwa wakibaki nyumbani kungoja chaguo la pili kwa sababu madarasa hayakutosha. Mwaka wenu yalijengwa madarasa 15,000 Tanzania nzima kwa fedha za mkopo wa kukabili Uviko, 12,000 kati yake ya sekondari, nanyi mkapokelewa wote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana shule yetu ya kata ilijaa vile, na walimu tukawa wale wale.

Tulivukaje? Nyinyi wenyewe mlibebana. Namkumbuka binti mmoja niliyemuuliza swali la Baiolojia mwezi wa pili. Jibu alilijua, nililiona usoni kwake, lakini alikuwa nalo kwa Kiswahili tu. Akasimama kimya, anasokota kona ya daftari. Mwenzake wa dawati moja akainamisha kichwa, akamnong'oneza kwa Kiingereza neno moja baada ya jingine, naye akayasema kwa sauti mpaka mwisho. Nilijifanya sijasikia. Darasa lenu lilisoma hivyo miaka minne, na wale wa mageto, mliopanga vyumba karibu na shule, mlipikiana hata ugali.

Sasa hesabuni mlioingia, kisha hesabuni mliokaa kwenye mtihani. Wenzenu wako wapi? Mwingine alipata ujauzito, mwingine yuko machimboni, mwingine alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Jina liliitwa kwenye rejista wiki kadhaa, kisha likaachwa. Hao nao ni darasa lenu. Kwenye picha zenu za kumbukumbu watafuteni, na msiishie kwenye picha, nendeni hadi majumbani kwao. Waambieni waliojifungua kwamba tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021 mlango wa shule uko wazi kwao. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba umefungwa, na hilo linaniuma sana, kwa sababu hakuna aliyewafuata kuwaambia. Asiyeweza tena kukaa darasani mchana kutwa, kuna Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, na akishaufaulu anafanya wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Jambo jingine ni la namba. Matokeo yanawekwa mtandaoni kwa namba ya mtihani, bila jina. Namba ya mwenzako unaijua kwa sababu mlikaa jirani chumbani. Nawasihi, usiifungue kabla hajakuonyesha mwenyewe, na usiitupe kwenye kundi la WhatsApp. Baraza la Mitihani lenyewe tangu Januari 2023 limeacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Kwa nini nyinyi mtangaze sifuri ya mtu aliyekunong'oneza jibu? Mwenye daraja la nne naye asijifungie ndani. D nne zinafungua vyuo vingi vya cheti, na VETA inapokea vijana kila mwaka. Mnaokwenda Kidato cha Tano, someni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, mnayoiweza. Msiburuzwe na jina zuri la PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia).

Mimi nimestaafu lakini sijahama. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari. Mtakayempata kati ya wale walioachwa, mleteni nyumbani Jumamosi yoyote asubuhi, aje na cheti cha kuzaliwa kama anacho. Kama hana, aje hivyo hivyo, tutaanzia hapo.

Mwalimu wenu mstaafu