Kamati za tathmini zisome na zabuni zilizoshindwa

Ndugu Mhariri,

Halmashauri ikitangaza zabuni ya madawati, kamati ya tathmini hupanga bei kuanzia ya chini, hukagua nyaraka za mzabuni anayeongoza, na ikiridhika hupeleka jina lake bodi ya zabuni. Za wengine huwekwa kando na hakuna anayezifungua tena. Naomba zifunguliwe, kwa sababu wazabuni wakila njama, alama zake huwa kwenye zabuni zilizoshindwa kuliko ile iliyoshinda.

Njama yenyewe ni nyepesi. Kampuni tatu zinakubaliana nani ashinde safari hii, kisha mbili zinapeleka bei za kusindikiza, za juu kidogo, ili ionekane watu wameshindana. Zabuni ijayo zamu inahamia kwa mwingine. Aliyesindikiza hulipwa kwa njia nyingine: anapewa sehemu ya kazi kama mkandarasi mdogo, au mshindi ananunua mbao na vyuma kutoka ghala lake. Afrika Kusini, kampuni za ujenzi zilifika mahali pa kulipana ada ya kushindwa. Mwaka 2013 kampuni 15 zilikubali kulipa faini ya jumla ya randi bilioni 1.46 kwa njama za zabuni, zikiwamo za viwanja vya Kombe la Dunia la 2010.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya 2003, kifungu cha 9, inakataza washindani kupanga bei pamoja, kumsusia mtu kwa pamoja na kula njama katika zabuni. Makosa haya matatu hayasubiri kuthibitishwa kwamba bei ilipanda kweli au kwamba wahusika walikuwa na nia mbaya. Kukubaliana kwenyewe ni kosa, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni. Watumishi wengi wa vitengo vya ununuzi wanaijua sheria ya ununuzi kwa kina, lakini hii ya ushindani hawajawahi kuishika mkononi.

Sasa namna ya kusoma. Tuseme ni madawati 400. Wa kwanza ametaja shilingi 78,000 kwa dawati, wa pili 81,900, wa tatu 85,800. Kwa jumla hizo hakuna cha kushtua. Chukua mchanganuo wa bei wa kila mmoja, uuweke kwenye jedwali moja, mstari kwa mstari: mbao, vyuma, rangi, ufundi, usafiri. Gawanya kila bei ya aliyeshindwa kwa bei ya mshindi katika mstari huohuo. Ukikuta wa pili amezidi kwa asilimia 5 kamili kila mstari, na wa tatu kwa asilimia 10 kila mstari, ujue mtu mmoja ameandika mchanganuo mmoja, kisha akauongezea asilimia 5 kwa wa pili na 10 kwa wa tatu. Washindani wa kweli hawafanani hivyo. Mwenye mashine ya mbao hutaja mbao kwa bei rahisi na vyuma kwa bei ghali, na aliye mbali hubanwa na usafiri. Usafiri ndio mstari wa kuanza nao: kampuni iliyo kilomita 20 kutoka shuleni na iliyo kilomita 200 haziwezi kutofautiana kwa asilimia ileile waliyotofautiana kwenye rangi.

Kisha tafuta makosa. Hesabu iliyokosewa mstari uleule katika zabuni mbili, neno lililoandikwa vibaya kwa namna moja, barua ya kampuni moja iliyobaki na jina la kampuni nyingine, taarifa za faili zinazoonyesha kompyuta moja. Angalia majina ya wakurugenzi katika nyaraka za usajili wa kampuni. Angalia pia bei za kampuni hiyohiyo katika halmashauri jirani mwaka uliopita. Na anayeongoza kwa bei ya chini akianguka kwa kukosa karatasi moja ambayo siku zote huwa nayo, usipite haraka; huenda ameiacha makusudi ili mwenzake ashinde.

Hata hivyo alama si ushahidi kamili. Wazabuni wengi wadogo huandaliwa nyaraka na steshenari moja mjini, hivyo kompyuta moja na kosa moja la uandishi vinaweza kutokea bila hila. Bei moja ya vyuma inaweza kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla. Kampuni mbili zilizoungana waziwazi kuomba kazi kwa pamoja nazo hazina kosa kwa kuungana tu. Kinachotia shaka ni alama tatu au nne kukutana katika zabuni moja.

Zikikutana, kosa kubwa linalofanyika ni kuwaita wazabuni na kuwauliza. Siku hiyohiyo meseji zinafutwa na maelezo yanapangwa upya. Tunza mafaili yalivyopokelewa, andika tarehe na ulichokiona, mjulishe ofisa masuuli (mkurugenzi wa halmashauri) peke yake, na barua iende Tume ya Ushindani bila kupita mikono mingi.

Ofisi zetu nazo zinawarahisishia. Tunawaita wazabuni wote kutembelea eneo la kazi saa moja, tunawapa karatasi moja ya mahudhurio waandike majina na namba za simu, halafu tunashangaa wamejuana. Tunagawa kazi mafungu manne yanayolingana wakati tunajua kampuni zinazoomba ni nne. Tunaweka masharti ya uzoefu yanayowaacha watatu tu wilaya nzima. Ziara zipangwe kwa saa tofauti, mafungu yasilingane na idadi ya waombaji, na kila mzabuni asaini tamko kwamba bei yake ameiandaa bila kushauriana na mshindani.

Anayelipia ni mwanafunzi. Kama bei ya haki ya dawati lile ilikuwa 62,000, halmashauri imepoteza shilingi milioni 6.4, ambazo zingenunua madawati 103 zaidi. Kwa wanafunzi watatu kila dawati, hao ni watoto 309 wanaobaki sakafuni. Fundi seremala aliyeweza kuuza kwa bei hiyo naye ameacha kuomba, maana ameona kila mara washindi ni walewale.

Zabuni za serikali sasa zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kwa hiyo nyaraka za walioshinda na walioshindwa zote zimo kwenye kompyuta. Naiomba Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma iagize kila taarifa ya tathmini iwe na ukurasa mmoja wa ulinganisho wa mstari kwa mstari wa wazabuni wote, uliosainiwa na wajumbe, kabla taarifa haijafika bodi ya zabuni. Kwa zabuni ya mistari 30, jedwali hilo halimalizi asubuhi moja.

Mkaguzi wa ununuzi,
Dodoma