Barua kwa Mwanangu Kabla ya Mbio za Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako amenieleza kwamba alikuta tembe zako za prednisoloni, zile za kupunguza kasi ya huu ugonjwa wako wa misuli, chini ya mto, nami kesho nasafiri kwenda Nairobi kwa zile mbio za kilomita 21 za kukuchangishia pesa za matibabu. Sijui nikugombeze au nikubembeleze. Najua wenzako wanakutania kwa mashavu yaliyofura, na najua ni dawa iliyoyafurisha, lakini babangu, dawa hiyo haiachwi ghafla. Imefanya kazi ya tezi zilizo juu ya mafigo kwa muda mrefu hata zimelala, na ukiikata haziamki siku hiyo hiyo. Kuipunguza ni kazi ya daktari. Si yako wala si yangu.

Muuza samaki wa sokoni Marikiti, ambaye mwenyewe hana cha kutupa, alinitumia mchango wake kwa M-Pesa, kisha akaniuliza ni ugonjwa gani huu. Nilimweleza kwamba Duchenne humpata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000, kwamba misuli hukosa protini inayoilinda isichakae kila inapofanya kazi, na kwamba moyo nao ni msuli, ndiyo maana picha yake hupigwa hata kama mtoto halalamiki. Picha hiyo ndiyo ninayoikimbilia, pamoja na kile kiti cha magurudumu usichotaka kukisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niongeze mwendo.

Wewe waweza kueleza haya yote vizuri kuliko mimi, hata daktari alikusifu mbele yangu nikajivuna; basi kinachokushinda kumeza tembe ni nini?

Majirani waliosema umerogwa ndio leo wanaonipa maji nikipita alfajiri nikielekea ufukweni Mama Ngina kufanya mazoezi. Sina neno nao. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na pumzi zangu ni za mtu wa pwani, ila hofu yangu haiko huko, iko chini ya mto wako.

Kula kwanza, mahamri na mbaazi zako, ndipo umeze, na umeze mbele ya shangazi. Achari na kachiri za chumvi ziache, kwani zinakuzidishia kufura. Usilale kabla ya kunyooshwa visigino. Mtungi wa gesi umekaribia kwisha. Pesa zake nimeziweka katika kopo la majani ya chai, na zilizomo kwenye simu ni za michango, haziguswi hata kwa mkate.

Ukitapika dawa, usinyamaze kwa kuogopa kuniharibia mbio. Pandeni tuktuk usiku huo huo mwende hospitali, na mwuguzi aambiwe mapema kwamba unatumia prednisoloni kila siku. Simu nitakimbia nayo mkononi.

Mamako