Siku za kufanyia kazi nyumbani ziwe moja kwa idara nzima

Mhariri,

Kila likizuka suala la kufanyia kazi nyumbani, mjadala huishia kwenye uvivu. Heri tungeanza na petroli. Kutoka Malindi hadi Kilifi, yaliko makao makuu ya kaunti, ni kama kilomita 60. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita huchoma lita 10 kwenda na kurudi, na kila lita hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Karani mwenye gari lake akibaki nyumbani siku mbili kwa wiki, kilo 46 haziingii hewani. Anayepanda matatu hapunguzi kitu kikubwa, kwani matatu itaondoka tu, awemo asiwemo. Faida yake ni nauli na usingizi wa alfajiri.

Ofisi hukosea pale inapomwachia kila mtu achague siku yake. Huyu Jumatatu, yule Alhamisi, na jengo linawashwa siku zote tano: taa, viyoyozi, na jenereta stima ikipotea. Kiyoyozi hakijui kama chumbani wamo watatu au kumi na watatu. Idara nzima ibaki nyumbani siku ileile moja, milango ifungwe, swichi kuu izimwe. Ijumaa ingefaa, maana huku kwetu swala huigawa siku hiyo hata hivyo. Muuguzi wa wodini na askari wa zamu, bila shaka, hawamo katika hesabu hii.

Nyumbani nako kuna mitego. Kiyoyozi cha wati 1,200 kikinguruma saa nane mfululizo hukaribia yuniti 10 za tokeni. Feni ya wati 60 haifikishi hata nusu yuniti. Joto la kaskazi ni kali, lakini meza ikiwekwa penye upepo, mbali na chumba chenye paa la bati, feni hutosha.

Stima ikikatika, laptopu ina betri yake. Ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ndiyo huzimika, na kikao kikakatika mtu akiwa katikati ya neno. Ruta nyingi hula wati 10 hivi, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 huiweka hai saa tatu au nne hata ikitumika nusu yake tu. Soma kwanza volti zilizoandikwa chini ya ruta: ya volti 9 ukiiunga moja kwa moja na betri hiyo, unaweza kuiunguza.

Kuta nene za mawe nazo hunywa mawimbi ya waifai. Kwenye ruta chagua waifai ya gigahezi 2.4 badala ya 5, au pitisha waya wa mtandao. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100. Kikao cha video huweza kula GB moja kwa saa, hivyo zima kamera, baki na sauti.

Bando na betri alipe mwajiri, kwa kuwa stima ya ofisi ameiokoa yeye. Jambo hilo liandikwe kwenye barua ya ruhusa kabla ya siku ya kwanza, lisije likawa ugomvi mwisho wa mwezi.

Msomaji,
Malindi