Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Huduma ya Wagonjwa Walio Karibu na Kifo

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atazisoma mhazini, na orodha ya ziara anayo katibu. Dakika zangu nitazitumia kwa jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: tunafika tumechelewa, na tukifika tunasema mno.

Familia nyingi zilituita mgonjwa akiwa amebakiza siku chache, nyingine saa. Ukiuliza kwa nini hawakuita mapema, jibu ni lile lile: "Tuliogopa akiwaona atajua." Atajua nini? Mgonjwa anaona nguo zinavyompwaya. Anasikia minong'ono inayokatika ghafla akifumbua macho. Mama mmoja mwenye saratani alimwambia dada yetu aliyekuwa akimpaka mafuta miguuni: "Wewe si wa humu ndani, basi nikwambie. Najua nakufa. Ila wanangu usiwaambie, watalia." Nje ya mlango wanawe walikuwa wametusihi tusimwambie mama yao. Siri ilikuwa moja, na kila mtu alikuwa anaibeba peke yake.

Walipokalishwa pamoja hatimaye, mama aliwatajia deni alilokuwa akidaiwa, akamwomba radhi kifungua mimba wake kwa jambo la miaka mingi, akachagua nyimbo za maziko yake. Wimbo mmoja aliukataa katakata, akasema unaburuta. Siku ya nne akalala.

Wanaosema kumwambia mtu ukweli ni kumuua wamkumbuke mfalme Hezekia katika Biblia. Nabii Isaya alimwambia wazi atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa. Mfalme akageukia ukuta akalia, akaomba, na akaongezewa miaka 15. Siahidi kwamba kila mtu ataongezewa. Nasema tu kwamba ukweli haukumuua.

Tena, kutuita mapema si kukata tamaa. Tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, inaweza kuanza mgonjwa akiwa bado anaendelea na matibabu mengine. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama ziiingize katika huduma zao za afya, kwa wagonjwa wa rika zote.

Sasa mofini, ile dawa ya maumivu makali, na hapa sitapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mmoja wetu alimwambia mgonjwa kwamba kuinywa ni kupungukiwa na imani. Nilimkanya faraghani, na leo nawaambia wote, bila kumtaja. Mofini ikitolewa kama daktari alivyoandika, kwa kuanza na kipimo kidogo na kuongeza taratibu, haimharakishi mtu kufa. Ile ya maji hutolewa kwa kawaida kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo, ili yasipate nafasi ya kurudi. Katika nyumba moja tulikuta chupa imejaa kabatini na mzee anasaga meno kitandani. Mkewe alikuwa anaitunza "mpaka maumivu yawe makali kweli." Hakuna aliyekuwa amemweleza. Kadhalika dawa ya kulainisha choo iende sambamba nayo. Mofini hufunga tumbo, na mateso ya choo mgonjwa huona haya kuyataja.

Cicely Saunders, Mkristo aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa wagonjwa na baadaye daktari, alifungua hospisi (nyumba ya kuwatunza walio karibu na kifo) ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa humgusa mtu wote: mwili, moyo, jamaa zake na roho yake. Sisi hukimbilia lile la roho. Lakini mtu ambaye mgongo unamuwaka moto hasikii zaburi.

Na hata anaposikia, tupunguze. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila neno. Balaa ilianza walipofumbua vinywa. Tumuulize mgonjwa kama anataka maombi, na yawe mafupi. Babu mmoja alimwambia mchungaji wetu: "Niombee, lakini usimwambie aniponye. Hayo mimi na Yeye tumeshamalizana."

Nami nina langu la kutubu. Mwaka huu nilisimama kando ya kitanda cha ndugu aliyekuwa hazungumzi tena, nikapanga na shemeji yake habari za gari la kubeba jeneza. Nilidhani hasikii. Chozi likamteremka hadi sikioni. Nilimwomba radhi nikiwa nimemshika mkono, wala sijui kama iliniingia mimi zaidi kuliko yeye. Mbele ya mgonjwa, hata aliyezimia, semeni kama anasikia.

Tulipofanya vizuri ni kwa wauguzaji. Binti aliyelala kitini wiki tatu hahitaji hotuba, anahitaji mtu amshikie zamu kwa muda wa saa mbili aoge na kunyoosha mgongo. Wengi walitushukuru pia kwa kuwaeleza mapema dalili za mwisho: mgonjwa kukataa chakula, mikono kupoa, pumzi kukatika kisha kurudi, koo kukoroma. Asiyejua hudhani mtu wake ananyongwa au anakufa kwa njaa, akamlazimisha kumeza hata akapaliwa. Kitambaa safi chenye maji cha kulowesha midomo kinatosha.

Tulipofeli ni baada ya maziko. Tunaimba, tunazika, tunatoweka. Napendekeza kila familia irudiwe baada ya mwezi mmoja na tena mwaka ukitimia, na atakayekwenda awe yule yule waliyemzoea.

Mwisho, vifaa. Magodoro ya upepo ya kuzuia vidonda vya mgongoni yamerudi yote isipokuwa moja. Liko kwa yule mama aliyekataa wimbo. Mtunza stoo amelidai mara mbili, na kifungua mimba amejibu kwamba bado hajaweza kuingia chumba kile. Asidaiwe tena. Jumamosi nitakwenda mwenyewe, tutaingia wote wawili, tutalikunja.

Mwenyekiti